Jibu la Bi Mashavu

Ukumbini Makorora kulikuwa na harusi. Wanawake walijaa mpaka mlangoni, wote wanacheza, na hapakusikika wimbo hata mmoja. Huyu alitikisa mabega polepole, wa pembeni yake alirukaruka. Mama mmoja mnene alifumba macho akiyumba kwa mdundo alioujua yeye, na aliyempa mgongo alikuwa akitokwa na machozi ya furaha kwa jambo asilolijua mwingine yeyote. Ukitega sikio ulisikia nyayo kwenye sakafu, bangili, na mtu akikohoa. Bibi harusi naye, juu ya kiti chake, alitingisha kichwa kwa wimbo wake peke yake.

Kilichowachezesha ni kipimaraha, kidude cha ukubwa wa punje ya kunde kinachobandikwa nyuma ya sikio. Kipimaraha husoma mapigo ya moyo, joto la ngozi, jasho, hata jinsi koo linavyobana. Habari hizo huzipeleka kwa mfumanyimbo, akili unde iliyojengewa jumba lisilo na madirisha kule Pongwe, nayo humfumia kila mtu wimbo wake palepale. Moyo ukichoka, wimbo unachangamka. Moyo ukienda mbio, wimbo unatulia. Na pale moyo unapolainika kabisa, mfumanyimbo hupenyeza jina la sabuni, au la mafuta ya kupikia, au la benki, taratibu sana, mtu akaamka asubuhi ana hamu ya sabuni ile na asijue hamu imetoka wapi. Ndivyo Shirika la Burudisho lilivyojilipa, maana kipimaraha chenyewe kiligawiwa bure.

Tuseme kweli, sisi watu wa Tanga tulikipenda. Nani hakuchoka na spika za matangazo ya barabarani, pikipiki, na jirani mwenye redio? Kipimaraha kilikuwa na kanuni iliyoitwa kanuni ya karaha. Sauti yoyote inayoubana moyo wako ilipunguzwa, na ikizidi kuubana, ilifutwa. Kwanza zikafutwa pikipiki. Kisha kunguru. Baadaye, bila mtu kuuliza sana, zikaanza kufutwa sauti za watu.

Aliyeitunga kanuni hiyo alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi siku ile, ameshika glasi ya juisi ya ukwaju. Jina lake Mhandisi Zaina Kilua, mwanamke wa makamo, mpole, mtu wa kupanga maneno kabla hajayasema. Alialikwa harusini kama mgeni wa heshima. Alitazama wale wanawake wakicheza, kila mmoja na lake, na badala ya kujisikia fahari kama alivyotarajia alijikuta anaukumbuka ukumbi uleule jinsi ulivyokuwa alipokuwa mtoto, akakosa hamu ya ile juisi. Alipokuwa mtoto, ukumbi ule ulikuwa wa mama yake.

Jamani, nani atawaeleza watoto wa sasa Bi Kidawa alikuwa nani? Bi Kidawa Kilua, mwimbaji wa kundi la Johari ya Makorora, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, akisimama na mkono kiunoni hata mpiga fidla anakaa sawasawa. Zaina alilelewa chini ya viti vya ukumbi ule, katikati ya miguu ya wanawake, harufu ya udi na jasho na kashata za nazi. Kodiani ikivuta pumzi, fidla zikijibu, ngoma zinakuja nyuma kwa nyuma. Mama yake akianza ubeti, ukumbi mzima unanyamaza, kwa sababu kila mtu anataka kujua ubeti unakwenda kwa nani. Ukishajulikana unakwenda kwa nani, wanawake wanainuka kutunza, noti juu, wanacheza mpaka mbele ya mwimbaji, huku wanamkata jicho yule aliyesemwa. Wimbo ulikuwa mmoja. Waliucheka pamoja, wakaununia pamoja, na kesho yake sokoni hakuna habari nyingine.

Na mara nyingi ubeti ule ulikwenda kwa Bi Mashavu.

Bi Kidawa na Bi Mashavu walikuwa mashoga wa kuazimana chumvi, wote wana-Johari. Wakagombana kwa ajili ya sare. Ilikuwa harusi ya mtoto wa mwalimu mmoja wa Usagara, na Bi Kidawa ndiye aliyepewa kazi ya kuwapelekea wenzake habari ya rangi. Siku ilipofika, kundi zima liliingia na zambarau, Bi Mashavu peke yake akaingia na kijani kibichi. Bi Kidawa akaapa kwamba alituma ujumbe wa zambarau. Bi Mashavu akaapa kwamba ujumbe uliomfikia ni wa kijani, na kwamba umetumwa makusudi. Mpaka leo hakuna anayejua ukweli. Bi Mashavu akajitoa, akaanzisha kundi lake, Waridi la Chuda, na sare yao ikawa kijani kibichi kilekile.

Tangu hapo waliimbana. Huyu akitoa mpasho, mwenzake anakaa kimya miezi, mji mzima unaulizana. Kidawa kajibu? Bado, anapika. Jibu likitoka, watu wanalikariri mpaka kwenye foleni ya maji. Lakini mumewe Bi Kidawa alipofariki, mtu wa kwanza kuingia msibani alikuwa Bi Mashavu. Alipika, akaosha masufuria ya matanga yote, na asimsemeshe mfiwa hata neno moja. Arobaini ilipokwisha, alitoa wimbo mkali kuliko wote. Bi Kidawa aliusikia wimbo ule, akaomba wali, akala sahani nzima, na hakuwa amekula vizuri tangu siku ya mazishi. Ndivyo walivyopendana wale, kama neno ni kupendana.

Jibu la Bi Kidawa kwa wimbo ule lilikuja mwaka uliofuata:

Waridi bila harufu, hununuliwa na macho,
Ukisogeza na pua, lanuka tele kijicho.

Tanga ilitikisika. Watu wakakaa kusubiri jibu la Chuda. Lakini mwaka uleule ndipo kipimaraha kilipotoka, na Zaina, akimwonea huruma mama yake mjane, akamletea yeye kabla ya mtu mwingine yeyote mjini. Akambandika kwa mkono wake mwenyewe, wakiwa barazani kwao Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano.

Bi Kidawa alitulia. Usingizi ukarudi, presha ikashuka, madaktari wakashangaa. Shirika likachukua picha yake, likaitundika kwenye stesheni ya treni ya sumaku, kikongwe anatabasamu, na chini yake maneno: Moyo wangu shwari. Miaka ikapita. Bi Kidawa hakuimba tena, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Akili yake ilikuwa timamu kabisa, alijua majina ya wajukuu na vipimo vya mapishi yote. Zaina aliusoma utulivu ule kama cheti chake cha pili cha uhandisi.

Sasa siku chache baada ya ile harusi ya Makorora, akiwa ofisini, Zaina aliambiwa kuna bibi mmoja mapokezi hataki kuondoka. Alikuwa Bi Mashavu. Amekonda, amejifunga leso shingoni, kanga zake kijani, na nyuma ya sikio hana kitu, maana alikuwa mmoja wa wale wachache waliokikataa kipimaraha. Zaina alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti iliyokwaruza. Akamkaribisha kiti. Bi Mashavu hakukaa.

“Mama yako nimemkosea nini?” aliuliza.

Zaina kidogo acheke. “Bi Mashavu, nyinyi mmekosana tangu mimi sijazaliwa.”

“Yale si makosa, yale ni maneno yetu. Nakuuliza, nimemkosea nini hata asinisikie? Mtu hata akikuchukia, si anakusikia?”

Ndipo akakaa, akaeleza. Jibu la wimbo wa waridi alikuwa nalo siku nyingi. Kumbi za taarabu zilipofungwa, akaona basi, atalipeleka mwenyewe. Alikwenda Ngamiani, akasimama chini ya dirisha la Bi Kidawa, akaimba. Majirani wa zamani wakatoka nje wakishika vifua. Bi Kidawa akachungulia, akatabasamu, akampungia mkono kama anavyopungiwa mtoto wa jirani, akarudi ndani. Bi Mashavu alirudia tena na tena, mwaka huu na mwaka ule, na kila mara ni ule mkono tu. Mara ya mwisho alirudi nyumbani akalia, na hajawahi kulia kwa sababu ya Kidawa maisha yake yote. Kutukanwa amezoea, alisema. Kupungiwa mkono ndiko asikokuweza.

Na sasa hana muda. Kooni ana uvimbe. Jumatatu ijayo roboti za upasuaji zitamtoa kisanduku cha sauti. Watamwekea kingine cha mashine, wamemhakikishia kwamba kitakuwa na sauti nzuri, laini, isiyokwaruza.

“Sasa mpasho utauimbaje kwa sauti isiyokwaruza?” alisema Bi Mashavu. “Nina jibu moja tu limebaki, mwanangu. Nataka alisikie kwa koo langu mwenyewe. Baada ya hapo waje na visu vyao.”

Zaina alimwahidi kwamba atalisikia, na alipobaki peke yake akafungua kumbukumbu za kipimaraha cha mama yake. Hazikuwa na siri yoyote. Zilikuwa pale siku zote, ila hakuna aliyekuwa na haja ya kuzitazama. Kitu cha kwanza kilichofutwa kwenye masikio ya Bi Kidawa, kabla ya pikipiki na kabla ya kunguru, kilikuwa sauti ya Mashavu. Mashine iliona moyo wa mama unapiga kwa kasi, viganja vinatoa jasho, koo linabana, ikaandika: karaha. Tena haikuishia kwenye sauti. Kila Bi Kidawa alipomkumbuka Mashavu mwenyewe tu, akiwa amekaa kimya, moyo ukapanda, mfumanyimbo akamletea wimbo wa kumtuliza. Wiki za mwanzo moyo ulipanda mara nyingi sana kwa siku. Kisha mara chache. Kisha mstari ukalala, na haukuinuka tena.

Zaina aliutazama ule mstari uliolala mpaka macho yakamuuma. Moyo wa mama yake kumbe haukuwa umetulia, ulikuwa umeachishwa.

Akafanya jambo jingine ambalo hakuwahi kulifanya. Alichukua nyimbo za mama yake, akachukua za mchuuzi mmoja wa samaki wa Deep Sea, akachukua za yule bibi harusi wa Makorora. Akazivua mapambo moja moja, ala, mdundo, sauti, lugha ya mafumbo, mpaka ikabaki mifupa. Ikawa mifupa ileile. Watu wote wa mji, kila mmoja akiamini ana wimbo wake asiokuwa nao mwingine, walikuwa wakilishwa tuni zilezile chache zilizobadilishwa nguo, na jina la sabuni mahali palepale. Kwenye taarabu ya mama yake, watu walisikia wimbo mmoja na kila mtu akaondoka na lake moyoni. Sasa kila mtu alikuwa na wake, na wote waliondoka na sabuni. Alicheka peke yake pale ofisini, kicheko kibaya.

Alikwenda kwa Mkurugenzi kuomba sauti ya Bi Mashavu ifunguliwe. Mkurugenzi, Dakta Hilali Mbwana, hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri niseme hivyo, kwa sababu watu hupenda kudhani mambo haya hufanywa na wabaya. Alikulia nyumba ya mitala yenye ugomvi usiokatika, akiamini wivu na matusi ndivyo vilivyomuua mama yake mapema. Alimsikiliza Zaina mpaka mwisho, akamwambia kwamba binadamu zamani waliogopa radi, wakaogopa wachawi, wakaogopa magonjwa; taa ya akili ikawashwa, kila kitu kikapimwa, hofu ikaondoka. Kilichobaki ni mtu kumwogopa mtu mwenzake. Na hicho nacho, alisema, wao wamekipima, wanakimaliza.

“Tumepima jasho, Dakta,” Zaina alimjibu. “Jasho la chuki na jasho la mtu anayesubiri zamu yake kuimba tumeliandika kitu kimoja. Mama yangu hakuwa anaumwa. Alikuwa anaishi.”

Dakta Hilali alifikiri, na uso wake ukachangamka. Akasema amepata wazo. Kwa nini wasiinunue sauti ya Bi Mashavu kabla ya Jumatatu? Sauti ya Bi Kidawa wanayo. Mfumanyimbo atawarudisha wote wawili wakiwa vijana, wanashindana jukwaani, kodiani, udi, sare za zambarau na za kijani, ladha ya zamani kamili. Maneno yatalainishwa kidogo, asiumie mtu. Kampuni ya sabuni italipuka kwa furaha. Watu siku hizi wana hamu sana ya zamani, alisema, na hamu ile haina mwenyewe bado.

Zaina alishukuru kwa muda wake, akatoka. Ruhusa hakupewa, na kwa kweli hakuihitaji, kwa kuwa kipimaraha kinabanduliwa kwa kucha tu. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mji mzima ungeweza kukibandua siku yoyote.

Jumamosi asubuhi alikwenda Ngamiani, akambandua mama yake kidude, akakitia mkobani. Bi Kidawa alishtuka, akaziba masikio. Kunguru walikuwa wakigombana juu ya paa, mtu anakaanga kitu jirani, mtoto analia. Aliuliza mbona dunia inapiga kelele hivi. Zaina alimkumbatia, akamwomba avumilie leo tu, akamwambia alasiri wanakwenda Chuda, Mashavu ataimba. Alimchungulia usoni alipolitaja jina lile. Bi Kidawa alisema, “Ah, Mashavu. Hajambo?” akaomba chai. Zaina alijipa moyo kwamba atakaposikia ubeti mwenyewe mambo yatabadilika.

Uani kwa Bi Mashavu walikusanyika wazee waliobaki wa makundi yote mawili, zambarau upande huu, kijani upande ule, nguo zimetolewa kwenye masanduku zikiwa na mikunjo na harufu ya nondo. Vipimaraha vyote vilibanduliwa mlangoni vikatiwa kwenye bakuli la unga. Mzee Mbarouk, mpiga kodiani, alileta kodiani yenye vitufe viwili vibovu. Mwanzoni walioneana haya, hawajui waanze vipi. Kisha bibi mmoja wa Johari akamwambia wa Waridi kwamba gauni linambana, yule akamjibu kwamba afadhali la kubana kuliko la kuazima, na watu wote wakacheka kwa mpigo mmoja. Zaina alisikia kicheko kile cha pamoja kikimpanda mgongoni. Alikuwa amekisahau kabisa. Ilibidi ageukie ukutani kidogo afute macho.

Bi Mashavu alisimama. Akaifungua leso shingoni, akaiweka mezani. Mkono kiunoni, jicho kwa Bi Kidawa, aliyeketishwa mbele. Kodiani ikaingia, na ile sauti ikatoka, imechakaa, inakwaruza, inapasuka kwenye noti za juu, na bado ni yeye:

Johari iliyochovywa, huiogopa mvua,
Rangi ikishayeyuka, ni bati, tunalijua.

Loo! Rangi! Watu walishika vichwa. Miaka yote ile, na mwisho amerudi palepale pa sare. Kijani wakainuka kutunza, noti juu, wengine wanalia huku wanacheza. Alirudia ubeti, akaukaza. Zambarau wote wakamgeukia Bi Kidawa waone atafanya nini.

Hapa lazima nieleze desturi yao, maana ndiyo iliyoamua kila kitu. Ukisemwa kwenye mpasho, unakaa kitako, unatafuna pembe ya kanga, unakwenda kupika jibu lako. Kuna njia nyingine moja, kubwa kuliko jibu lolote, ambayo watu waliizungumza kuliko walivyoiona. Aliyesemwa anainuka mwenyewe, anacheza mpaka mbele ya anayemtukana, anamtunza, anacheka naye, anarudi kukaa. Maana yake: hujanigusa hata kidogo. Ni wachache mno waliothubutu, kwa sababu uso lazima uwe safi, na uso wa mtu aliyeumia haukubali kuwa safi mbele ya watu. Ukitetemeka mdomo tu, umekwisha.

Bi Kidawa aliinuka.

Ua ulinyamaza, kodiani peke yake ikaendelea. Aliinua noti juu, akacheza polepole, mabega yakienda na mdundo, mpaka mbele ya Bi Mashavu. Akaibandika noti kwenye paji la uso wake, akamcheka machoni, kicheko kitamu kisicho na doa. Uso ulikuwa safi kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akageuka, akarudi kitini, akakaa.

Ule mlipuko wa vigelegele ulisikika mpaka barabarani. Zambarau walirushiana kanga, kijani nao wakapiga makofi, maana kitu kama kile ukikiona hutazami upande wa nani. Bi Mashavu mwenyewe alisimama mdomo wazi, noti usoni, kisha akaanza kucheka mpaka akashikwa mbavu. Mama mmoja alipiga kelele kwamba sasa anaweza kufa, ameshaona.

Zaina aliinama kwa mama yake. Bi Kidawa alimwambia sikioni, kwa upole wake wa siku zote, “Sauti ya Mashavu nzuri bado. Kwani alikuwa akimsema nani?”

“Anakusema wewe, mama.”

“Mimi?” Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa bei ya vitunguu. “Haya. Si vibaya. Wimbo una mdundo. Twende nyumbani basi, masikio yananiuma. Kile kidude changu unacho?”

Zaina alimtazama. Alitafuta kwenye uso ule, kwenye macho, kwenye vile viganja vikavu alivyovishika, kitu kidogo tu, hata chuki. Hakukuwa na kitu. Mama yake hakuwa amejikaza mbele ya watu. Hakuumia, kwa sababu mahali pa kuumia palikuwa pameondolewa, na aliyepaondoa ndiye aliyemshika mkono. Zaina alitaka kupiga magoti palepale amwombe radhi, lakini angeombaje radhi kwa mtu ambaye hajui amenyang'anywa nini, na ambaye angemwambia haya, si vibaya?

Akaitwa jikoni. Bi Mashavu alikuwa ameketi kwenye mbuzi ya nazi, anakunywa maji kwa shida, mkono kooni, macho yanamng'aa kama msichana. Ile noti ameikunja kiganjani. Alimvuta Zaina chini mpaka wakakaribiana.

“Umemwona shetani yule?” alisema, na sauti ilikuwa imeshaanza kumkimbia. “Miaka yote kumbe ananipikia hiyo! Ule mkono wa dirishani ulikuwa mazoezi! Mimi nikalia, mjinga mimi.” Akacheka, akakohoa, akatulia. “Lakini niambie kweli. Wewe ni mtu wa vipimo, hudanganyi. Mama yako aliumia?”

Zaina alifungua mdomo amwambie. Ukweli alikuwa nao wote, mstari uliolala, viganja vikavu, swali la mama yake. Akautazama uso wa Bi Mashavu uliokuwa ukimsubiri.

“Aliumia, Bi Mashavu,” alisema. “Alijikaza tu. Mguu ulikuwa ukimtetemeka.”

“Nilijua,” alisema Bi Mashavu, akafumba macho kwa raha. “Nilijua tu.”

Njiani kurudi Ngamiani Bi Kidawa aliomba tena kidude chake, Zaina akampa. Hakuwa na uso wa kumnyima. Alikuwa amemtazama mtu machoni, akasoma moyo wake unataka kusikia nini, akampa hicho, na lile la kuuma akalifuta, na kazi yote hiyo aliifanya haraka kuliko jumba zima la Pongwe. Jumatatu Bi Mashavu aliingia hospitali akicheka, anawasimulia wauguzi jinsi Kidawa alivyomjibu, mpaka wakamlaza. Mpaka leo hakuna aliyemwambia kwamba hakujibiwa.